Gwanda Chini ya Suti: Jeshi Linavyowajenga Wakuu wa Kampuni

Mwaka 1980, asilimia 59 ya wakurugenzi watendaji wa kampuni kubwa za Marekani zinazouza hisa kwa umma walikuwa wamepitia jeshini. Kufikia mwaka 2013 walikuwa wamebaki asilimia 6.2. Takwimu hizo ni za Efraim Benmelech na Carola Frydman, wanazuoni wa uchumi na fedha waliofuatilia wasifu wa viongozi hao kwa miongo kadhaa. Kazi yao imelitoa suala la jeshi na uongozi wa biashara kwenye masimulizi ya wastaafu na kuliweka mahali ambapo linaweza kupimwa.

Idadi hiyo haikushuka kwa sababu kampuni ziliwachoka wanajeshi. Imeshuka kwa sababu ya umri. Wengi wa waliokuwa wakuu wa kampuni mwaka 1980 walizaliwa miaka ya 1920, na ujana wao uliangukia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambamo Wamarekani zaidi ya milioni 16 walitumikia jeshi. Sheria ya kuandikisha vijana kwa lazima ilipitishwa mwaka 1940 na, ukiacha mapumziko mafupi mwishoni mwa muongo huo, iliendelea kuwachukua kwa ajili ya Korea na baadaye Vietnam, hadi ilipokoma mwaka 1973. Mtu aliyekalia kiti cha mkurugenzi mtendaji mwaka 2013 akiwa na miaka 55 alikuwa kijana wa miaka 15 sheria hiyo ilipokoma. Jeshi halikumwita, naye hakulifuata.

Kwa mtafiti, tofauti ya vizazi hivyo viwili ni hazina. Anayejiunga na jeshi kwa hiari huenda tayari ana hulka inayolipenda jeshi, na akija kuongoza kampuni ni vigumu kujua kama tabia yake ni zao la kambi au alikwenda nayo kambini. Aliyezaliwa mwaka 1925 alichukuliwa bila kuulizwa, awe mpole au mkali, mwoga au jasiri. Aliyezaliwa mwaka 1958 aliachwa, naye pia bila kuulizwa. Ukilinganisha watu kwa miaka yao ya kuzaliwa, unaweza kutenganisha kazi ya jeshi na kazi ya maumbile. Walichokipata watafiti hao kinaeleweka vizuri zaidi ikijulikana kwanza jeshini hufundishwa nini.

Watu wengi wakifikiria uongozi wa kijeshi hufikiria amri: afande kapaza sauti, kuruta kakaza mikono, kazi imefanyika. Picha hiyo ni ya wiki za mwanzo za kwata. Ofisa anakutana na jambo gumu zaidi. Kijana anayehitimu uofisa akiwa na miaka 22 au 23 hukabidhiwa platuni yenye watu 30 hadi 40. Sajini wake ni mkubwa kwake kwa umri, amekaa kazini miaka mingi zaidi na anayajua mambo mengi kuliko yeye. Cheo kinamruhusu luteni kumwamuru sajini huyo. Akili inamwambia amsikilize. Platuni ikilala njaa, ikipotea njia au ikipoteza mtu, anayejibu ni luteni. Katika biashara mtu wa umri huo bado anamwandalia bosi wake majedwali, na huenda akasubiri miaka kumi kabla ya kupewa watu 40 wa kuwaongoza. Samaki mkunje angali mbichi: mazoea ya kubeba lawama ya kundi zima, yakiingia mapema kiasi hicho, hayatoki kirahisi.

Kitu kingine anachojifunza ofisa ni namna ya kutoa maagizo. Jeshi la Prussia, baada ya kusagwa na Napoleon huko Jena mwaka 1806, lilianza kukubali polepole kwamba mkuu aliye nyuma haoni kile anachokiona kapteni aliye mbele. Helmuth von Moltke, aliyekuwa mnadhimu mkuu kuanzia 1857 hadi 1888, aliigeuza hoja hiyo kuwa mfumo: mkubwa anamweleza mdogo lengo na sababu ya lengo hilo, namna ya kulifikia anamwachia. Majeshi mengine, likiwemo la Marekani, yaliuchukua utaratibu huo katika karne iliyofuata. Agizo la kijeshi lililoandikwa vizuri siku hizi huwa na sehemu inayoeleza nia ya kamanda, ili mawasiliano yakikatika na mpango ukivurugika, hata koplo ajue kinachotafutwa na aamue mwenyewe. Mkurugenzi aliyelelewa hivyo huwaachia mameneja wake nafasi kubwa kuliko wanavyotarajia wale wanaodhani mwanajeshi hujua kufoka tu.

Tena kuna utaratibu wa kukaa chini baada ya kazi, na huu ulikomaa jangwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilifungua kituo cha mafunzo huko Fort Irwin, katika jangwa la Mojave jimboni California. Vikosi vinavyofika hapo hupambana na kikosi cha wenyeji kinachoigiza adui, ambacho kinalijua kila bonde la eneo hilo, na mara nyingi wageni hushindwa. Pambano likiisha, vumbi likiwa bado mwilini, askari na maofisa hukaa pamoja na kujibu maswali manne: tulikusudia nini, kimetokea nini, kwa nini imekuwa hivyo, na safari ijayo tufanyeje. Askari wa cheo cha chini ana ruhusa ya kusema kwamba kapteni alichelewa kutoa taarifa, na kapteni anatakiwa kuandika, si kujitetea. Kampuni nyingi zimeiga kikao hicho na nyingi zimekiua. Zilichukua maswali manne na kuacha sharti linaloyapa nguvu, yaani mkubwa awe wa kwanza kutaja alipokosea.

Zaidi ya mbinu kuna desturi. Katika kikosi cha Marines, askari wa majini wa Marekani, maofisa hula mwisho: kuruta anapanga foleni mbele, kanali nyuma kabisa, na chakula kikiwa pungufu anayepungukiwa ni kanali. Katika chuo cha kijeshi cha West Point, mwanafunzi anabanwa na kanuni inayomkataza kusema uongo, kudanganya na kuiba, na vilevile kumvumilia mwenzake anayefanya hivyo. Si kila anayepita hapo huishi kwa kanuni hiyo maisha yake yote. Hata hivyo kijana aliyekaa miaka minne mahali ambapo taarifa ya uongo inaweza kumfukuzisha hutoka na uzito fulani moyoni kila anapotakiwa kupamba hesabu.

Mfano unaotajwa mara nyingi zaidi ni Frederick Smith, mwanzilishi wa kampuni ya kusafirisha vifurushi ya FedEx, na unastahili kutajwa. Smith alihitimu Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1966, mtoto wa familia yenye mali, akaingia Marines na kupelekwa Vietnam mara mbili. Mara ya kwanza aliongoza askari wa miguu, kwanza platuni na kisha kombania. Mara ya pili alikuwa angani, akielekeza mashambulizi ya ndege. Alirudi na nishani ya Silver Star, nyingine ya Bronze Star, na mbili za Purple Heart, ambazo hupewa waliojeruhiwa vitani. Kwa miaka mingi alirudia kueleza kwamba namna FedEx ilivyoendeshwa ilitokana kwa sehemu kubwa na aliyojifunza katika kikosi hicho.

Ndani ya platuni, Smith aliishi na vijana wa tabaka ambalo mtoto wa Yale kwa kawaida hukutana nalo akiwa anahudumiwa tu: watoto wa wakulima, wa mafundi, wa madereva wa malori. Aliwategemea kwa uhai wake, nao wakamtegemea. Kampuni aliyokuja kuianzisha ilihitaji watu wa aina hiyohiyo, wapokeaji, wapakiaji na wasambazaji wa vifurushi wanaofanya kazi usiku bila msimamizi pembeni yao. Usiku wa tarehe 17 Aprili 1973, ndege 14 zilipaa kutoka Memphis, jimboni Tennessee, kuhudumia miji 25, na mzigo wote wa usiku huo ulikuwa vifurushi 186. Miezi michache baadaye bei ya mafuta ilipanda ghafla baada ya wauzaji wa Kiarabu kuzuia mafuta yao. Katika miezi 26 ya mwanzo kampuni ilipoteza dola milioni 29. Mmoja wa wasaidizi wake wa siku hizo amesimulia kwamba kuna wakati zilibaki dola 5,000 benki, Smith akaenda nazo kucheza kamari Las Vegas, akarudi na dola 27,000 zilizolipia mafuta ya siku chache. Faida ya kwanza ilionekana Julai 1975.

Simulizi ya kamari hupendwa na waandishi. Yenye uzito zaidi ni taratibu zilizoiwezesha kampuni kuwashika watu wake hata mambo yalipokuwa magumu. Falsafa ya FedEx iliwekwa kwa maneno matatu yenye mpangilio maalumu: watu, huduma, faida, kwa maana kwamba mtu akitunzwa atatoa huduma na huduma italeta faida. Kila mwaka wafanyakazi waliulizwa maoni yao kuhusu mabosi wao, na bosi alilazimika kukaa na kundi lake kuyajadili majibu na kupanga marekebisho. Msomaji ataona hapo kivuli cha kikao cha baada ya pambano. Mfanyakazi anayehisi kuonewa ana njia ya rufaa inayopanda ngazi kwa ngazi hadi kwa wakuu wa kampuni. Na ipo Bravo Zulu. Katika majeshi ya majini, bendera za herufi B na Z zikipandishwa pamoja mlingotini huwa na maana ya kazi imefanyika vizuri. Smith alizihamishia ofisini: msimamizi anayemwona mfanyakazi amefanya jambo la ziada hubandika stika ndogo yenye bendera hizo mbili kwenye barua ya pongezi, wakati mwingine pamoja na kitita cha fedha. Mwaka 1990 FedEx ilikuwa kampuni ya kwanza ya huduma kutunukiwa tuzo ya ubora ya Malcolm Baldrige, inayotolewa na serikali ya Marekani. Smith alikabidhi kiti cha mkurugenzi mtendaji mwaka 2022, kampuni ikiwa na wafanyakazi zaidi ya nusu milioni, na alifariki dunia Juni 2025.

Wengine walileta kutoka jeshini ujuzi wa ugavi. Jenerali William Pagonis ndiye aliyesimamia usafirishaji, chakula, mafuta na maji kwa askari zaidi ya nusu milioni wa Marekani wakati wa Vita vya Ghuba vya 1990 na 1991. Mwaka 1993 aliajiriwa na kampuni ya maduka ya Sears kusimamia mizigo yake. Zana yake aliyoipenda ilikuwa kadi ndogo ya karatasi, inchi 3 kwa 5. Yeyote katika kikosi chake angeweza kuandika tatizo kwenye kadi hiyo na kuipandisha hadi kwa jenerali, na jibu lilipaswa kurudi ndani ya siku moja. Vikao vyake vya asubuhi vilifanyika watu wakiwa wamesimama, kwa kuwa aliyesimama hahutubii kwa muda mrefu.

Simulizi iliyo nzito kuliko zote, na inayogusa hata Afrika Mashariki, ni ya vijana kumi waliokuwa katika kitengo cha takwimu cha jeshi la anga la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kazi yao ilikuwa kujua jeshi lina ndege ngapi, ziko wapi, zimebakiza vipuri gani na kila safari ya mabomu inagharimu kiasi gani. Vita vilipoisha kiongozi wao, Charles Thornton, alimwandikia Henry Ford II wa kampuni ya magari ya Ford akimpa kundi zima kwa pamoja, achukue wote au aache wote. Ford alikuwa kijana wa miaka 28 aliyerithi kampuni iliyokuwa ikipoteza mamilioni ya dola kila mwezi na ambayo hesabu zake zilikuwa ovyo kiasi kwamba, kama inavyosimuliwa, idara moja ilikadiria madeni kwa kupima uzito wa rundo la ankara. Aliwachukua wote. Wafanyakazi wa zamani waliwachoka vijana hao kwa maswali, kwa kuwa waliulizia kila kitu.

Waliipa Ford kitu ambacho haikuwa nacho: bajeti, makadirio ya gharama kwa kila gari, na mameneja wanaowajibika kwa takwimu zao. Wawili kati yao, Robert McNamara na Arjay Miller, walikuja kuwa marais wa kampuni. McNamara alipewa urais Novemba 1960, wa kwanza kutoka nje ya ukoo wa Ford tangu siku za mwanzo kabisa za kampuni. Kabla ya urais huo lilikuwa limetoka chini yake gari dogo la Falcon lililouzwa kwa wingi, na mapema zaidi alikuwa amepigania mikanda ya usalama wakati wenzake wakiamini kwamba usalama hauuzi gari. Hakumaliza hata miezi miwili kwenye kiti hicho. Rais mteule John F. Kennedy alimwita kuwa waziri wa ulinzi.

Kilichofuata kinajulikana. McNamara aliupeleka mtindo uleule kwenye vita vya Vietnam, na katika vita visivyo na mstari wa mbele, kipimo kilichopatikana kwa urahisi kilikuwa idadi ya maadui waliouawa. Makamanda walijifunza haraka kwamba wakubwa wanataka idadi kubwa, nao wakawapa idadi kubwa. Takwimu zilionyesha ushindi huku vita vikipotea. Katika kitabu chake cha mwaka 1995 McNamara alikiri kwamba yeye na wenzake walikosea vibaya. Kuanzia 1968 hadi 1981 aliongoza Benki ya Dunia, na humo pia alikwenda na kalamu yake ya hesabu: mikopo ilipanda kutoka karibu dola bilioni 1 kwa mwaka hadi takriban bilioni 12. Septemba 1973, kwenye mkutano wa mwaka wa benki hiyo uliofanyika Nairobi, katika jumba jipya la Kenyatta, alitangaza kwamba umaskini wa vijijini ndio utakuwa kazi kubwa ya taasisi yake, akaweka shabaha ya uzalishaji wa wakulima wadogo kukua kwa asilimia 5 kwa mwaka kufikia 1985. Miradi ya maendeleo vijijini iliyofadhiliwa na benki hiyo nchini Tanzania miaka ya 1970, ukiwemo wa Kigoma, ilitoka katika mwelekeo huo. Shabaha ilikuwa ya huruma ya kweli, na ilibeba mazoea ya ofisi ya takwimu ya mwaka 1943.

Smith na McNamara walivaa gwanda la nchi moja. Mmoja aliongoza watu waliokuwa wakipigwa risasi, akatoka na imani kwamba kampuni ni watu wake. Mwingine alihesabu ndege, mabomu na gharama, akatoka na imani kwamba kinachohesabika ndicho kinachoongozeka. Makala nyingi kuhusu wanajeshi katika biashara hukosea hapa, kwa kusema jeshi linafundisha hiki au kile kana kwamba jeshi ni darasa moja. Jeshi ni mji mzima wenye mpishi, fundi, mhasibu, rubani, mpelelezi na mpiganaji, na kila mmoja hupeleka ofisini kile kazi yake ilichomzoesha.

Kwa kuzingatia hilo, matokeo ya tafiti yanasomeka kwa uangalifu zaidi. Benmelech na Frydman, ambao kazi yao ilichapishwa mwaka 2015, waligundua kwamba kampuni zinazoongozwa na waliopitia jeshini huwekeza kwa tahadhari, hutumia fedha kidogo zaidi katika utafiti na hukopa kidogo. Sekta yao inapokumbwa na msukosuko, hufanya vizuri kuliko washindani. Lililoshangaza wengi ni kwamba uwezekano wa kampuni hizo kuhusishwa na udanganyifu wa hesabu ulikuwa pungufu kwa hadi asilimia 70. Utafiti mwingine, wa Kelvin Law na Lillian Mills uliotoka mwaka 2017, ulielekea upande huohuo: mameneja wenye historia ya jeshi hutumia kidogo zaidi mianya ya kupunguza kodi, na hivyo kampuni zao hulipa kodi kubwa zaidi. Mwanahisa anayetaka kila senti ibaki ndani ya kampuni anaweza kulalamika. Hazina ya taifa haina sababu ya kulalamika.

Lakini miaka minne kabla ya Benmelech na Frydman, Ulrike Malmendier, Geoffrey Tate na Jon Yan walichapisha matokeo yanayopingana nayo. Katika data zao, waliokulia kwenye Mdororo Mkuu wa miaka ya 1930 ndio walioogopa madeni, ilhali waliopitia jeshini walikuwa wathubutu na walikopa zaidi. Tafiti mbili makini, zote za nchi moja, zinatoa picha mbili za mtu yuleyule. Tofauti ya sampuli na miaka iliyochunguzwa inaeleza sehemu tu ya mgongano huo.

Maelezo yanayoshawishi zaidi yanatoka kwenye uchunguzi ambao haukuhusu jeshi. Mwaka 2017 Gennaro Bernile, Vineet Bhagwat na Raghavendra Rau walichunguza wakurugenzi watendaji waliokulia katika maeneo yaliyokumbwa na majanga ya asili kama matetemeko, vimbunga na mafuriko. Walioshuhudia janga la kiasi, ambalo halikuua wengi, walikuja kuwa wathubutu katika biashara, kana kwamba walijifunza kwamba hatari hupita. Walioshuhudia vifo vingi walikuwa waangalifu kupindukia. Hoja hiyo ikihamishiwa jeshini, inakuwa si ajabu aliyetumikia ghala la Texas na aliyezika wenzake huko Korea kuongoza kampuni kwa namna mbili tofauti, ingawa kwenye karatasi za mtafiti wote wawili wameandikwa mstari mmoja: alipitia jeshini.

Hakuna kati ya haya linaloligeuza gwanda kuwa kinga. Kenneth Lay, mwenyekiti wa kampuni ya nishati ya Enron, alitumikia Jeshi la Majini la Marekani, akifanya kazi ya uchumi Pentagon. Enron ilifilisika Desemba 2001 ikiwa imeficha madeni makubwa, na Lay alitiwa hatiani mwaka 2006, akafariki dunia kabla ya kupewa adhabu, hivyo hukumu yake ikafutwa kisheria. Uadilifu nao hautoshi mbele ya soko. Robert McDonald, mhitimu wa West Point wa mwaka 1975 aliyetumikia kikosi cha askari wa miavuli, aliiongoza kampuni ya bidhaa za nyumbani ya Procter & Gamble tangu 2009 akisisitiza sana maadili ya kazi, na mwaka 2013 aliondoka chini ya shinikizo la wawekezaji waliotaka ukuaji wa kasi. Serikali ilimteua mwaka uliofuata kuwa waziri wa mambo ya wastaafu wa jeshi.

Ofisa anayehamia kampuni ana mengine ya kuyaacha mlangoni. Askari hawezi kuandika barua ya kuacha kazi Ijumaa na Jumatatu akawa kwa mshindani. Mhasibu mzuri anaweza. Jeshini bajeti hutoka serikalini na swali ni kuitumia vizuri, wakati katika kampuni fedha ni lazima kwanza zitafutwe kwa mteja ambaye halazimiki kununua. Na ushindi wa kijeshi una mwisho, ilhali mshindani aliyeshindwa msimu huu atarudi msimu ujao na bei mpya. Ndiyo maana waajiri wenye uzoefu hawamrushi ofisa moja kwa moja kwenye kiti kikubwa. General Electric, kwa mfano, iliendesha kwa miaka mingi programu maalumu ya maofisa vijana waliotoka jeshini, ikiwazungusha katika idara mbalimbali kabla ya kuwapa za kuongoza.

Kwa kuwa Marekani sasa ina jeshi la kujitolea, ulinganisho safi wa vizazi hauwezekani tena huko. Unawezekana kwenye nchi zenye utumishi wa lazima. Israel, mojawapo ya nchi hizo, ni mfano ulio wazi wa namna kazi ya jeshini inavyoamua kinachopelekwa ofisini: kitengo cha kijasusi namba 8200, kinachowafundisha vijana kunasa na kufumbua mawasiliano, kimezalisha waanzilishi wengi wa kampuni za usalama wa kompyuta, akiwemo Gil Shwed aliyeanzisha Check Point pamoja na wenzake mwaka 1993.

Tanzania nayo ina ulinganisho wake, ambao unasubiri watafiti. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Serikali ilipoamua mwaka 1966 kuwalazimisha wasomi kulitumikia kwa miaka miwili huku sehemu kubwa ya mshahara ikikatwa, wanafunzi waliandamana Dar es Salaam Oktoba 22. Rais wa nchi, Mwalimu Nyerere, aliwafukuza karibu 400 kati yao, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Utaratibu huo uliendelea, ukapungua muda, na ulisitishwa mwaka 1994. Ulirejeshwa mwaka 2013 kwa vijana wanaohitimu kidato cha sita, wale waitwao wa mujibu wa sheria, ambao hupangiwa kambi kama Ruvu, Mafinga, Makutupora, Mgambo au Bulombora.

Kwa hiyo mameneja wa Kitanzania waliozaliwa kabla ya takriban 1974 na kusoma hadi kidato cha sita walipita JKT. Waliozaliwa katika miaka 20 iliyofuata, kwa sehemu kubwa, hawakupita. Na wadogo zao wanapita tena. Wa kundi la katikati ndio wanaoanza kushika benki, viwanda na mashirika ya umma. Aliyepita anakumbuka mchakamchaka wa alfajiri, jembe, lindo la usiku na jina la operesheni yake, yaani kundi lake la mafunzo, na alilala bweni moja na watoto wa mikoa asiyoijua. Kwa kawaida hakupigana vita, kwa hiyo lisilotarajiwa kwake ni woga au ujasiri wa aliyeona vifo. Yanayoweza kuchunguzwa ni mengine: kama kampuni za waliopita hukopa tofauti na za wasiopita, kama hulipa kodi tofauti, kama huajiri kutoka mikoa mingi zaidi, na kama wakubwa wa kampuni hizo hukaa kazini kwa muda mrefu zaidi. Umri wa wakurugenzi umo katika taarifa za mwaka za kampuni nyingi zilizosajiliwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, na tarehe za kusitishwa na kurejeshwa kwa utumishi zinajulikana.